Mlo wa wenza wa shilingi 300,000 karibu na Ruaha: ulipe au uache?

"Mimi na mume wangu ni wakazi wa Mbeya. Desemba hii tunatimiza miaka kumi ya ndoa, na tumepanga safari ya siku nne: usiku mmoja Iringa mjini, kisha usiku mbili katika loji iliyo karibu na lango la Hifadhi ya Ruaha. Bajeti yetu yote ni shilingi 1,400,000, iliyotokana na mgao wa kikoba changu na akiba yake. Loji inatangaza chakula maalumu cha jioni kwa wenza, nje chini ya nyota, kwa shilingi 150,000 kwa kila mtu, vinywaji mbali. Mume wangu anasema ni wazimu kutoa 300,000 kwa chakula kitakachosahaulika kesho yake, wakati Iringa mjini tunaweza kula kuku wa kuchoma na ndizi kwa 25,000 tukashiba wote wawili; fedha hiyo afadhali tuongeze mzunguko wa pili wa kutazama wanyama. Mimi naona miaka kumi haiji mara mbili, na isitoshe chakula cha loji ni salama zaidi kwa tumbo. Tatizo ni kwamba nilikwisha kulipa 80,000 za awali zisizorudishwa, na yeye hajui. Nifanye nini?"

Dada yangu, hongera kwa kufikisha miaka kumi. Umeuliza jambo moja, lakini ndani yake yamo mawili: kama mlo huo una thamani ya bei yake, na namna ya kujinasua ukiwa umelipia kitu ambacho mwenzio bado anakipinga. Nitaanza na la kwanza kwa sababu linahesabika. Kabla ya kuanza kushauri familia kuhusu fedha za nyumbani nilisimamia stoo na gharama za jikoni katika hoteli za huku Nyanda za Juu Kusini, kwa hiyo bei ya sahani ninaijua zaidi kwa upande wa jikoni kuliko wa mezani.

Mumeo ana nia njema, lakini analinganisha vitu visivyolingana. Kuku na ndizi za 25,000 ni bei ya kushiba, na kwa kipimo cha kushiba hakuna mgahawa wa gharama unaoweza kumshinda mchoma kuku wa Iringa. Kama shibe ndiyo mnayoitafuta, mjadala uishie hapo. Bei ya 150,000 imejengwa kwa namna nyingine kabisa. Kanuni inayotumika sana katika biashara ya hoteli ni kwamba vyakula vibichi vinavyoingia kwenye sahani visizidi takriban theluthi moja ya bei ya kuuzia, ili sehemu inayobaki ilipe mishahara, nishati, vyombo vinavyovunjika, chakula kinachoharibika, na ibakize faida. Katika 150,000 hiyo, kama Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT) ya asilimia 18 imo ndani, shilingi 22,900 hivi si za loji hata kidogo, ni za Serikali. Katika 127,000 na kidogo zinazobaki, kanuni inaruhusu vyakula vya kama 42,000, lakini kwa mlo wa namna hii sitashangaa nikikuta havifiki hata 30,000. Sahani yenyewe nimeipima mara nyingi kwenye mizani ya jikoni: steki gramu 200 baada ya kuondolewa mishipa na mafuta, viazi gramu 150, karoti na maharage machanga kiganja kimoja, siagi kijiko, mchuzi uliochemshwa mpaka ukawa mzito. Kabla yake inatangulia supu, ambayo jikoni ndiyo yenye faida kuliko vyote, na baada yake kitu kitamu kilichotengenezwa kwa mayai, maziwa na sukari.

Sisemi hivyo kwa maana kwamba mnaibiwa. Ninachosema ni kwamba sehemu kubwa ya fedha yenu haiendi kwenye chakula. Inaenda kwa mtu atakayebeba meza na viti hadi mahali palipotengwa, kwa atakayewasha moto na taa, kwa mhudumu atakayekuwa wenu peke yenu kwa saa tatu, kwa askari atakayewasindikiza kwa tochi kwenda na kurudi kwa sababu huko wanyama hawana mpaka usiku, na kwa jenereta au betri za sola zinazotunza friji mahali palipo mbali na soko. Mnakodi mahali na watu, na chakula kinakuja pamoja navyo. Mkikubali kuyatazama hivyo, swali linabadilika: je, saa tatu za kukaa ninyi wawili tu mahali hapo, bila watoto, bila sufuria na bila simu ya kazini, zina thamani gani kwenu?

Richard Thaler, mchumi wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2017, aliwahi kuwataka watu wajione wamelala ufukweni na kiu, kisha waseme wangekubali kulipa kiasi gani kwa bia ambayo rafiki yao anakwenda kuwanunulia. Walioambiwa kuwa bia itatoka katika hoteli ya kifahari walitaja kiwango cha kati cha dola 2.65, na walioambiwa itatoka katika duka dogo chakavu walitaja dola 1.50, ingawa bia ni ile ile na ingenywewa pale pale mchangani. Tunapolipa, hatupimi kitu peke yake. Tunapima pia kama bei inaonekana ya haki kwa mahali inapotoka. Nadhani ndiyo maana mumeo halalamikii bei ya chumba lakini chakula kinamchoma. Chumba cha loji hana cha kukilinganisha nacho, kuku anaye kila wiki.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mtu wa Mbeya au Iringa analo mkononi na mgeni wa kutoka mbali hana. Mikoa yetu ndiyo inayolisha wengine. Viazi mviringo na parachichi za Njombe na Rungwe, mchele wa Kyela, ndizi na chai ya Tukuyu, chai ya Mufindi, perege wa Mtera, mbasa wa Ziwa Nyasa: vyote hivi mnavila nyumbani vikiwa vibichi kuliko vinavyoweza kuwa mezani Dar es Salaam, na kwa bei ambayo mtu wa huko anaitamani. Kwa hiyo kwenu ninyi kulipia ubora wa malighafi ni hasara, kwa sababu mnao tayari. Chakula ambacho loji inaweza kuwapa na jiko lenu haliwezi ni kile kinachotokana na ufundi: nyama iliyopikwa kwa moto mdogo kwa saa nyingi, samaki wa kuvutwa kwa moshi, mkate uliookwa jioni hiyo hiyo, viungo vilivyochanganywa na mtu anayejua anachofanya.

Kinachonitia wasiwasi zaidi kwenye menyu za namna hii ni kamba wa baharini na samaki wa nchi za nje. Kamba husafiri kama kilomita 500 kutoka Dar es Salaam hadi Iringa na nyingine 130 hivi hadi hifadhini, wakiwa wamegandishwa, na mara nyingine wakiwa wameyeyuka njiani na kugandishwa tena. Ladha yao imekwisha kabla hawajafika kwenye kikaango, lakini jina lao kwenye karatasi linatosha kupandisha bei. (Nimeona parachichi lililokatwa vipande vinne na kuwekewa kamba watatu likipewa jina refu la kigeni na kuuzwa kwa bei ya debe zima la parachichi hizo hizo pale Tukuyu.) Waombe wakutumie menyu ya usiku huo kwa WhatsApp kabla ya kuamua. Ikiwa imejaa vitu vilivyosafirishwa kutoka mbali, hoja ya mumeo inapata nguvu. Ikiwa mpishi ametumia vya huku kwa namna ambayo hamjawahi kuvila, hoja yako inapata nguvu.

Kuna swali moja ambalo hujaligusa nalo ni zito kuliko yote. Loji nyingi za maeneo ya hifadhi huuza chumba pamoja na milo, ama milo yote mitatu au kifungua kinywa na chakula cha jioni. Kama chumba chenu ni cha namna hiyo, basi usiku ule mmekwisha kulipia chakula cha jioni cha kawaida, na hiyo 150,000 ni nyongeza juu ya sahani ambayo hamtaigusa. Piga simu, uliza kwa maneno haya haya: "Tukichukua mlo maalumu, mtatupunguzia kiasi gani kwa chakula cha kawaida ambacho hatutakula?" Loji yenye utaratibu mzuri itakata, na nyingine zitakata tu kwa sababu umeuliza. Kama wangewapunguzia 30,000 kwa kila mmoja, bei halisi ya usiku huo inashuka hadi 240,000 kwa wote wawili, na mazungumzo yenu nyumbani yanakuwa mengine.

Katika simu hiyo hiyo uliza kama VAT imo. Kama haimo, 150,000 inakuwa 177,000, na kwa wawili ni 354,000, yaani robo ya bajeti yenu nzima. Uliza kama wanaongeza gharama ya huduma, kwa sababu ikiwepo hamlazimiki kuweka bakshishi nyingine juu yake. Bei ikitajwa kwa dola, waombe waitaje kwa shilingi, maana kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2025 zinataka bei za ndani ya nchi ziwe kwa fedha yetu. Kuhusu vinywaji, jua kwamba hapo ndipo bili za namna hii hufumuka: chupa ya mvinyo wa Dodoma inayouzwa dukani mjini inaweza kuwekwa mezani kwa mara tatu ya bei yake. Uliza kama wanaruhusu mje na chupa yenu kwa ada ndogo ya kuifungua, na ada hiyo ni kiasi gani. Hakuna aibu katika maswali haya. Meneja huyajibu kila siku.

Halafu kuna mvua. Ruaha ina msimu mmoja wa mvua, nao huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili. Chakula chini ya nyota mwezi Desemba ni ahadi ambayo loji haina uwezo wa kuitimiza peke yake. Wingu likijikusanya saa kumi na moja jioni, meza itahamishiwa ndani, na huko mtakaa mita chache kutoka kwa wageni wanaokula bufee ya kawaida, mkiwa mmelipa nyongeza yote kwa ajili ya mshumaa na kitambaa cha meza. Pata jibu la maandishi kuhusu hilo: mvua ikinyesha, mnaweza kuhamisha mlo hadi usiku wa pili, au mnapunguziwa? Kwa sababu hiyo pia ningeuweka usiku wa kwanza wa lojini, ili wa pili ubaki kama akiba, ingawa kwa upande wa kumbukumbu, kama nitakavyoeleza, usiku wa mwisho ungekuwa bora. Uamuzi wenye maana hapa ni kulinda fedha kwanza.

Kuhusu usalama wa tumbo, sikubaliani nawe. Bei haiui vimelea, moto ndio unaoua. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula cha moto kitunzwe kwenye joto la zaidi ya nyuzi 60 na kisiachwe kwenye joto la kawaida kwa zaidi ya saa mbili. Kuku anayetoka kwenye makaa mbele ya macho yako, pale penye wateja wengi, mara nyingi ni salama kuliko bufee ya kifahari iliyokaa vuguvugu tangu saa moja. Kinachotakiwa kuepukwa kote kuwili ni kachumbari iliyokatwa mapema na barafu msiyojua maji yake yametoka wapi.

Mumeo anasema chakula kitasahaulika kesho yake. Hapo ana nusu ya ukweli. Mwaka 1993 mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake waliwataka watu watumbukize mkono katika maji ya baridi ya nyuzi 14 kwa sekunde 60, na mara nyingine kwa sekunde 60 zile zile pamoja na nyingine 30 ambazo maji yalipashwa taratibu hadi nyuzi 15. Walipoulizwa ni jaribio gani wako tayari kulirudia, wengi walichagua lile refu, lenye maumivu mengi zaidi kwa jumla, kwa sababu liliisha vizuri kidogo. Kumbukumbu haijumlishi dakika. Inashika kilele na mwisho. Sahani tatu zikifuatana kwa saa tatu hazitawapa kumbukumbu kubwa mara tatu, lakini jambo moja lisilo la kawaida, kama sauti ya simba ng'ambo ya mto mkiwa mezani, linaweza kubaki miaka. Shida ni kwamba sauti hiyo mtaisikia pia mkiwa kwenye baraza la chumba chenu na kikombe cha chai, bure.

Na wewe nawe uwe macho na mvuto wa bei yenyewe. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 uliwaonjesha watu mvinyo ule ule, mara moja wakiambiwa ni wa dola 10 na mara nyingine dola 90. Waliupenda zaidi ulipotajwa kuwa wa bei kubwa, na picha za ubongo zilionyesha sehemu inayohusika na raha ikifanya kazi zaidi. Maana yake ni kwamba raha inayoletwa na bei ni raha ya kweli, siwezi kukuambia unajidanganya. Lakini raha hiyo hutokea kwa anayeamini kuwa bei inastahili. Mwenzio ameketi mbele yako akihesabu kila kijiko, haitatokea kwake, na kwa kuwa unamjua, haitatokea kwako pia.

Sasa hiyo 80,000. Wengi huambiwa kwamba fedha iliyokwisha kutoka isahaulike, kisha wanaelewa vibaya kwamba lazima basi waache kile walichokilipia. Sivyo. Isahau kwa maana ya kuiondoa kwenye hesabu ya pande zote mbili, kisha tazama kinachobaki kulipwa. Kama VAT imo, mnabakiwa na 220,000. Kama haimo, 274,000. Wakipunguza 60,000 za chakula cha kawaida, ni 160,000 au 214,000. Hiyo ndiyo bei mnayoiamua leo, na ndiyo inayopaswa kushindana na mzunguko wa pili wa wanyama, kwa sababu ile nyingine imetoka mkienda au msipokwenda. Kabla ya kuikatia tamaa, uliza kama inaweza kuhamishiwa kwenye bili ya chumba. "Hairudishwi" si lazima iwe na maana ya "haihamishiki".

Wazo la mumeo kuhusu wanyama ni zuri, nami ninalipa uzito mkubwa, kwa sababu Ruaha ndiyo mnayosafiri kwenda kuiona. Ila msimu wa mvua wanyama hutawanyika, maji yakiwa yamejaa kila mahali, tofauti na kiangazi wanapokusanyika mtoni. Badala ya kununua mzunguko wa pili siku nyingine, ulizeni bei ya kuurefusha ule wa kwanza uwe wa kutwa, mkiwa na chakula cha kufungiwa. Mara nyingi gari huongezwa kiasi kidogo kuliko safari mpya, na kwa kuwa mnalala nje ya lango, mkikaa ndani kutwa mnaepuka swali la kama kiingilio kinaruhusu kutoka na kurudi.

Mimi ningeuchukua mlo huo kama kinachobaki kulipwa hakizidi 180,000 kwa wote wawili, menyu ni ya vitu vya huku vilivyopikwa kwa ufundi, na jibu kuhusu mvua limeandikwa. Likikosekana hata moja, ningeomba 80,000 ihamishiwe kwenye chumba, ningenunua mzunguko wa kutwa, na usiku wa Iringa mjini ningekwenda mahali pazuri pa bei ya kati kuagiza vizuri bila kuchungulia upande wa bei. Hayo yote ni baada ya hesabu ya Januari kukaa sawa: ada, sare, na kama mna shamba, mbolea ya kukuzia mahindi. Kama mojawapo bado inasubiri mshahara, jibu ni hapana, na halihitaji majadiliano.

Mwambie mumeo kuhusu hiyo 80,000 kabla ya safari, nyumbani, na si mezani bili ikiwa imeletwa. Mwambie kiasi na tarehe, kisha mpe matokeo ya simu uliyopiga na mwamue pamoja. Nadhani litamuudhi kwa jioni moja. Lakini ikiwa unaona hofu ya kweli kumwambia, au ikiwa hii si mara ya kwanza kwa mmoja wenu kutoa fedha kwa siri, basi suala lenu limevuka chakula, na mimi kwa maandishi sitaweza kulimaliza. Nendeni mkakae na wasimamizi wenu wa ndoa, au kiongozi wa dini mnayemwamini wote wawili, kabla ya kupanda basi. Na kama sehemu ya bajeti ni mkopo ambao hujautaja, pita kwanza ofisi ya SACCOS yako au benki ukaangaliwe makato ya mwezi, ukiwa na hati ya mshahara mkononi.

Ukilipa salio, dai risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) yenye kiasi chote, ikiwemo ile ya awali.